Ufukwe Unatembea: Maneno Niliyosema Ujiji

Haya niliyasema alasiri moja Ujiji, mbele ya wavuvi, akina mama wa dagaa, walimu na wanafunzi wa sekondari. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani, pamoja na maswali mawili yaliyonikatiza.

Asalamu aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioacha vichanja vya kuanikia dagaa jua likiwaka mkaja kunisikiliza, asanteni sana. Najua kwenu saa moja ya jua ni pesa.

Nimekuja na kitu kimoja tu. Ni tete. Si lile la kusimama tunalokata kuzungushia ua. Huu ni mkono wake, ule unaotambaa juu ya mchanga. Nimeuokota leo asubuhi kusini ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mahali ambapo mawimbi yalikuwa yameshauchimbua nusu. Vijana wawili, njooni mlishike, mmoja huku, mmoja kule. Mnaona lilivyo refu? Sasa tazameni vifundo vyake. Kila baada ya shubiri pana kifundo, na kwenye kila kifundo, chini imetoka mizizi myembamba kama nyuzi za wavu, juu limetoka chipukizi lenye ncha ya kuchoma. Nimehesabu vifundo 19. Ukilikata katikati halifi, unapata matete mawili. Mchanga ukilifukia, kifundo kilichofukiwa kinatoa mizizi mipya na chipukizi linapanda tena mpaka lione jua. Mwanangu, hebu itikise hiyo mizizi. Tikisa kwa nguvu. Mnaona mchanga ulivyong'ang'ania? Nimelibeba kwenye pikipiki tangu asubuhi, njia yote ya mashimo, na bado haujaachia.

Basi swali langu la leo ndilo hilo. Mchanga wa Ujiji unashikwa na nani?

Mimi ni mtoto wa hapa. Nimesoma mimea ya kando ya maji, ya bahari na ya ziwa, na miaka mingi nimekuwa nikifuatilia kazi za wanaikolojia wa visiwa vya mchanga. Ndugu zangu huniuliza visiwa vya bahari vinamhusu nini mtu wa Kigoma, anayekaa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi. Vinamhusu, na nitaeleza kwa nini. Ila kwanza mjue ni visiwa gani.

Ukipita pwani ya mashariki ya Marekani, kwa sehemu kubwa hukutani na bara moja kwa moja. Unakutana kwanza na ukanda mwembamba wa mchanga, kisiwa kirefu kama mkeka uliotandazwa sambamba na nchi kavu. Nyuma yake kuna maji yaliyotulia na majani ya chumvi, halafu ndiyo bara. Dhoruba ikija, kisiwa ndicho kinachopigwa kwanza. Ndiyo maana vinaitwa visiwa vya kinga. Havina mwamba chini. Ni mchanga mtupu, na juu ya mchanga ni majani. Mtu akisimama pale anajiuliza kitu kama hicho kinawezaje kusimama mbele ya bahari nzima.

Jibu ni kwamba hakisimami, kinatembea. Dhoruba inachukua mchanga wa mbele, inaurusha juu ya kisiwa na kuumwaga nyuma. Mbele kinapungua, nyuma kinaongezeka, na baada ya miaka kisiwa kizima kimesogea kuelekea bara kikiwa hai. Na katika mwendo huo kazi kubwa inafanywa na majani.

Yako majani mawili ambayo wanaikolojia wa kule wameyasoma kwa undani. La kwanza kwa kitaalamu ni Ammophila breviligulata. Hili linapenda kufukiwa. Upepo ukilimwagia mchanga linakua kwenda juu, linanasa mchanga mwingine, linafukiwa tena, linapanda tena, mpaka pametokea tuta refu kuliko mtu. Likikosa mchanga mpya linadhoofika. Mimi nilipolielewa jani hili mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Kinachoua mimea mingine ndicho kinacholilisha. La pili ni Spartina patens. Hili halijengi tuta refu. Linalala chini, linaacha maji ya dhoruba yapite juu yake, na yakishapita linachipua kupitia mchanga uliomwagwa. Kwa hiyo lipo jani linalozuia na lipo jani linaloruhusu, na umbo la kisiwa linategemea sana ni lipi limeshika eneo kubwa.

Sasa hapa ndipo binadamu alipoingia. Miaka ya 1930, wakati wa ukata mkubwa Marekani, serikali iliajiri vijana wengi kwenye kambi za kazi. Katika visiwa vya North Carolina waliweka nyua za kunasa mchanga, wakapanda majani, wakajenga tuta refu lisilokatika, kilomita kwa kilomita, ili bahari isipite. Nia ilikuwa njema kabisa. Barabara zikajengwa nyuma ya tuta, nyumba zikafuata. Miaka ya 1970 watafiti wawili, Paul Godfrey na Robert Dolan, wakavilinganisha visiwa vile vilivyojengewa tuta na vingine vya jirani vilivyoachwa kama vilivyo. Kwenye vilivyoachwa, dhoruba ilikuwa imepita, ikamwaga mchanga nyuma, na majani yakachipua juu yake. Kwenye vilivyojengewa tuta, mchanga ulikuwa haufiki nyuma tena, huku mbele mawimbi yakiendelea kula ufukwe na kuubana dhidi ya tuta. Kisiwa kilikuwa kinakonda. Mwaka 1973 wasimamizi wa hifadhi ya visiwa vile wakaacha kulitunza tuta.

Kule kule uko mnara wa taa wa Cape Hatteras, uliojengwa mwaka 1870 mbali na maji. Bahari ikausogelea mpaka ikawa karibu kuufikia. Mwaka 1999 wakaunyanyua mnara mzima, wakauweka juu ya reli, wakausogeza mita 880 hivi kutoka pale ulipokuwa. Nawaomba mulifikirie hilo. Taifa lenye fedha na mitambo kuliko mataifa yote liliona kwamba ni nafuu kuuhamisha mnara kuliko kuuzuia ufukwe.

Kaskazini kidogo, jimbo la Virginia, kiko kisiwa cha Hog. Palikuwa na kijiji kikiitwa Broadwater, watu zaidi ya mia mbili, wavuvi kama ninyi, wana kanisa na shule yao, nyumba zao zikiwa ndani ya msitu wa misonobari. Dhoruba ya mwaka 1933 ikawapiga vibaya. Waliobaki wakaanza kuondoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 kijiji kilikuwa kimekwisha. Baadhi ya nyumba walizipakia kwenye majahazi wakazivusha bara, na huko ziko mpaka leo. Pale palipokuwa kijiji leo ni bahari. Kisiwa chenyewe bado kipo. Kimesogea tu, na kijiji hakikuweza kusogea nacho.

Tangu mwaka 1987 visiwa hivyo vya Virginia vinafuatiliwa na watafiti mwaka hadi mwaka, bila kukatiza. Uvumilivu wa namna hiyo nauheshimu sana, maana ufukwe hauwezi kukueleza tabia yake kwa ziara ya wiki moja. Mmoja wa wanaosoma mimea ya huko ni Julie Zinnert. Yeye na wenzake wameonyesha kwamba kwa miongo hii ya karibuni kichaka kimoja, Morella cerifera, kimeenea sana kikichukua nafasi ya majani, na sababu mojawapo ni kwamba baridi ya kule haiwi kali kama zamani. Kichaka hiki kikishaota kinajitengenezea hali yake. Usiku wa baridi, ndani ya vichaka kunakuwa na joto kidogo kuliko nje, kwa hiyo miche yake haiungui kwa baridi. Mtu angefurahi kuona kijani kimeongezeka. Lakini kichaka kizito kinazuia mchanga kupita kwenda nyuma, kama lilivyozuia lile tuta la miaka ya 1930. Kwa hiyo sitawaambia leo kwamba tukapande chochote popote. Ni lazima mmea uwe wa mahali pake, na mahali pawe na nafasi.

Hapa kwetu tunayo habari inayofanana. Mbele ya Pangani kuna Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wakipanda kutaga mayai chini ya miti. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na leo ni fungu tu. Maji yakitoka unaliona jeupe linang'aa, yakijaa huoni kitu. Kasa bado wanarudi pale, kwa sababu kasa hasahau, na walinzi wanalazimika kuyahamisha mayai kwenda ufukwe wa bara yasizame. Wataalamu wamebishana kama kilichoanza ni miti kukatwa au ni mkondo wa maji kubadilika. Hata hivyo, kisiwa hakipo.

Turudi nyumbani sasa. Elimu hii ya kusoma ufukwe kwa mimea yake, moja ya kazi zake za mwanzo kabisa ilifanyika kando ya ziwa. Henry Chandler Cowles, wa chuo kikuu cha Chicago, alikuwa akitembea kwenye matuta ya mchanga ya Ziwa Michigan, huko huko Marekani, na mwaka 1899 akachapisha alichokiona. Alianzia majini akaelekea nchi kavu. Kwanza mchanga mtupu, kisha majani, kisha vichaka, kisha misonobari, kisha msitu mzito. Akatambua kwamba kwa kutembea vile alikuwa anatembea ndani ya miaka. Pale penye msitu leo, zamani palikuwa mchanga mtupu kando ya maji, na mimea iliyotangulia ndiyo iliyoiandalia njia ile iliyofuata.

Ninyi mnaweza kutembea hivyo hivyo kesho. Anzieni majini, kwenye yale majani laini yanayozongana miguuni. Msiyadharau, watoto wa sangala wanakulia humo kabla hawajawa wakubwa wa kwenda kilindini. Kisha matete. Kisha mchanga wenye majani mafupi na mitambaazi. Kisha vichaka. Kisha michikichi na mashamba. Mkikuta mahali ambapo kutoka majini mnaangukia moja kwa moja kwenye ukuta wa nyumba, mjue kuna kurasa zimechanwa.

Na ziwa letu nalo linatembea. Nani hapa hajafika kwenye mnara wa Livingstone? Stanley alipomkuta mwaka 1871, Ujiji ile ilikuwa karibu na maji. Leo kutoka mnarani mpaka majini ni mwendo. Kwa nini? Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Msafiri Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani. Maji yalikuwa hayana pa kutokea, ziwa likawa linapanda mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kikazidiwa, maji yakakisomba, na mmisionari Hore, aliyekuwa na makazi hapa hapa Ujiji, alipofika Lukuga mwaka 1879 aliukuta ukienda kwa kasi. Miaka iliyofuata ziwa lilishuka kama mita 10. Majani na matope yalizuia ziwa lenye kina cha mita 1,470. Sijui mfano mwingine ulio bora wa kumwonyesha mtu anayedhani nyasi ni uchafu wa kufyeka.

Hapo mzee mmoja akanyoosha fimbo yake akauliza: "Kama lilishuka, mbona 2021 lilikuja mpaka jikoni kwangu?"

Mzee wangu, lilikuja kwa sababu ziwa hili lina deni na mvua. Mito inaleta, jua linakausha, Lukuga inatoa kidogo kidogo. Miaka ya mvua nyingi ikifuatana, kinachoingia kinazidi kinachotoka. Mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 zililipandisha, na mwaka 1964 lilikuwa juu sana. Wewe ulikuwa kijana, bila shaka unakumbuka. Likashuka. Likapanda tena 2021, na tena 2024. Katikati yake sisi tulisahau, tukajenga kwenye ardhi ambayo ziwa lilikuwa limeiacha kwa muda tu. Siwalaumu waliojenga. Kiwanja kilikuwa kikavu, watoto wanahitaji pa kulala, na hakuna aliyekuja kuwaonyesha alama ya maji ya 1964.

Lakini nilichokiona 2021 nitawaambia. Namjua mtu mmoja, sitamtaja, aliyeng'oa matete yote mbele ya kiwanja chake apate kuliona ziwa, akajenga ukuta wa mawe na saruji. Ukuta mzuri, wa gharama. Wimbi likija kwenye matete linaingia, linachoka, linaacha mchanga wake. Likija kwenye ukuta linarudi na nguvu zote lilizokuja nazo, na linaporudi linachimba. Nilipima kila mwezi kwa rula ya mbao. Mchanga chini ya ukuta ule ulishuka mpaka msingi ukaonekana, na mwisho wa ukuta, upande wa jirani yake asiye na ukuta, mawimbi yalikula hatua saba za shamba la mihogo. Kiangazi, ule upepo wa kusini ulipoanza, kipande cha ukuta kikalala kifudifudi. Mita mia mbili kutoka pale, palipokuwa na matete, maji yalipanda vile vile, matete yakasimama ndani ya maji mpaka kifuani, na maji yalipopungua mchanga ulikuwepo.

Na ufukwe wetu una udhaifu ambao visiwa vile vya Marekani havina. Kule chini ya bahari kuna uwanda mpana wenye kina kidogo, mchanga ukichukuliwa na dhoruba, mara nyingi mawimbi ya utulivu huurudisha taratibu. Kwetu, sehemu nyingi, hatua chache tu kutoka ufukweni panaporomoka. Wavuvi mnajua, kamba inakimbia mpaka inakwisha. Mchanga ukishatelemka kule hakuna wimbi la kuufikia. Kwa hiyo kila lori la mchanga linalochotwa ufukweni, nawaambia kwa uchungu, tunalipoteza kwa maisha yetu na ya wajukuu.

Msichanganye mchanga huo na ule udongo mwekundu unaoteremka mvua zikinyesha. Ule unatoka kwenye milima tuliyoifyeka, na ni wa namna nyingine. Unafunika miamba ambako samaki wadogo wanakula na kuzaa. Utafiti wa Andrew Cohen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, ulikuta sehemu za ziwa hili zilizojaa tope zina aina chache za viumbe kuliko zile safi. Matete ya midomo ya mito, kama Luiche, ndiyo chujio la mwisho. Na mafunjo ya Malagarasi pia, ambayo ni sehemu ya ardhi oevu kubwa iliyokuwa ya kwanza Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima, mwaka 2000. Dunia iliyaona. Nasi tuyaone.

Mama mmoja wa dagaa alisimama, mikono kiunoni: "Mwanangu, hizo mita sitini za sheria. Mkituondoa, tutaanika wapi?"

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo lililonileta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kudumu, na zile zinazoharibu mazingira. Watu wengi wanaisikia kama adhabu kwa maskini, na mahali pengine imetekelezwa hivyo kweli, mwenye kibanda akivunjiwa huku mwenye ukuta akiachwa. Hilo si haki na nitalisema popote. Lakini mimi, kwa yote niliyoyasoma, naiona mita 60 ile kama chumba cha ziwa. Ndiyo nafasi ya ufukwe kusogea mbele na nyuma bila kumkuta mtu kitandani. Kichanja chako ni miti minne na wavu. Maji yakija unakibeba. Kwa maoni yangu kichanja hakina ugomvi na ufukwe, mradi hakijasimamishwa juu ya matete yaliyofyekwa, na hilo ndilo ningependa viongozi wa mtaa wakae na ninyi waliandike, mahali hapa vichanja, mahali hapa mitumbwi, mahali hapa matete yasiguswe. Na wakataji wa matete ya ua wapangiwe zamu, wakate kwa panga juu ya kifundo cha chini, wasing'oe wala wasichome, kwa maana likikatwa linarudi, liking'olewa linaondoka na mchanga wake.

Sasa nina ombi. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla dagaa hawajashushwa, nitakuwa chini ya mwalo na kamba ya mita 60. Wazee watuonyeshe maji yalifika wapi 2024, na anayekumbuka ya 1964 aje hata kwa kubebwa kwenye baiskeli. Tutaweka alama za mawe yaliyopakwa chokaa. Wanafunzi wataandika kila mwezi maji yako wapi, mchanga uko wapi, na mmea gani umeota, kwenye daftari litakalokaa shuleni. Nina magunia matatu ya vipande vya matete, tutayapanda pale pembeni ya mfereji palipochimbika.

Ninyi vijana wawili mlioshika, msilitupe hilo. Lizungusheni taratibu, lifungeni kwenye gunia lililoloweshwa maji, mliweke kivulini. Lina vifundo 19. Tutalikata mara tano na kuanza nalo.